Bibi Mwaija, Aliyeanza Ukaguzi Nyuma ya Mlango

Ndugu Mwaija Semboja, Bibi Afya wa kituo chetu, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1984, baada ya miaka ishirini na miwili na miezi minane ya utumishi katika Korogwe na Handeni. Kwa hesabu ya madaftari yake ameingia nyumba elfu tisa na ushee. Hakuna hata moja ambayo aliketi kabla hajatazama nyuma ya mlango.

Mimi ni Yuditha Hiza, msaidizi wake kwa miaka minane. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili: mwandiko wangu unasomeka, na Jumatatu ijayo ndimi ninayekalia kiti chake. Katibu wa kamati, Ndugu Yordani, aliniagiza niandike mambo ya kufurahisha, na kwa Ndugu Mwaija hayo yapo tele. Lakini alipofungua faili lake kutafuta tarehe, alikuta humo barua moja ya mwaka 1978, akaniambia hiyo niiruke, sherehe isije ikaingia doa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikila nusu sahani. Ndugu Yordani hakujua kwamba barua ile ilipaswa kuwa na jina langu.

Nitaifikia. Aliyenifundisha kazi alinifundisha kuanzia penye giza, ila mimi sina moyo wake, kwa hiyo naanza penye mwanga.

Alizaliwa Kwaluguru. Wazee wa kwao wanasema ni mwaka wa nzige, ofisi imeandika 1929, na mwenyewe hajali. Alikuja Korogwe kwa ndoa, akajenga na mumewe Kwamndolwa, na tarehe 1 Novemba 1961 akaajiriwa mfagizi katika nyumba ya wageni ya serikali. Uhuru ulikuwa umebakiza wiki tano. Mji mzima ulikuwa ukipakwa chokaa: kuta za mbele, mawe ya kando ya barabara, hata mashina ya miti. Wageni walikuwa njiani, na kila mkubwa alikuwa akikimbia huku na huku, ndoo ya chokaa ikiwa mkononi mwa mtu mwingine.

Katika pilikapilika hizo Bwana Fransisko, Bwana Afya wa wakati ule, aliingia sebuleni akamkuta mfagizi mpya amesimama juu ya meza. Ameishusha picha kubwa ya Malkia ya ukutani, ile ambayo kila mtu alijua kwamba mwezi ujao itaondolewa isirudi, na anaisugua mgongoni. Akamwuliza anahangaikia nini nyuma ya picha inayoondoka. Mfagizi akajibu, "Mzee, wadudu hawajaambiwa habari za Uhuru." Bwana Fransisko naye akapanda mezani kuangalia. Ukutani, pale picha ilipokuwa, palikuwa na viota vya nyigu na mayai ya mende ya kutosha kulijaza taifa jipya. Hadithi hii Bwana Fransisko aliisimulia mpaka anaondoka kazini, na kila mara mayai yalikuwa yakiongezeka.

Januari 1962 alimchukua awe msaidizi wake. Alimfundisha kuchora ramani ya kijiji, kupima kina cha choo kwa kamba na jiwe, na kupanda baiskeli, jambo lililoleta maneno Kwamndolwa nzima hadi maneno yenyewe yakachoka. Mwaka 1964 alikwenda kozi ya miezi sita, akarudi na cheti, na mwaka uliofuata akahamishiwa Handeni. Huko alikaa miaka kumi na minne, Misima, Kwaluguru na vijiji vya jirani, kabla ya kurudishwa Korogwe mwaka 1979.

Wanaoijua Handeni wanajua kwamba shida yake ya kwanza ni maji. Mama aliyeamka alfajiri kwenda lamboni, akarudi jua limepanda na ndoo moja kichwani, humwambii ayamwage kuosha komeo la mlango. Maofisa walifika na mahubiri ya maji mengi na sabuni nyingi, wakasikilizwa kwa adabu, wakachinjiwa kuku, wakaondoka. Ndugu Mwaija alifika na kitambaa cheupe cha marekani, akaomba majivu ya jikoni, akaonyesha jua kwa kidole. Kitambaa kiwe na unyevu tu. Kichovywe kwenye majivu. Kisugue pale vidole vinaposhika, kisha chombo kikae juani mpaka adhuhuri. Kwa maji ya kujaza bilauri moja nyumba nzima inapita.

Alisema uchafu una akili, haukai unapotazamwa. Mama atafagia uwanja mpaka ardhi ing'ae, lakini mwiko ameuosha kichwa akausahau mpini. Sufuria imesuguliwa kwa mchanga ndani na nje, na mashikio yake yana utando wa mafuta wa tangu harusi. Mbuzi ya nazi imeoshwa meno, pale inapokunjika pana machicha ya Idi iliyopita. Kifuniko cha mtungi kinafutwa juu, na chini yake, panaponing'inia matone, hapana aliyewahi kupatazama. Na komeo la mlango wa choo, linaloshikwa na kila mkono kabla haujanawa! Tangu nizaliwe mpaka nilipokutana naye sikuwahi kusikia mtu ameosha komeo.

Watu wazima hawapendi kuambiwa kwamba nyumba zao ni chafu, naye hakuwaambia. Katika madarasa ya kisomo cha watu wazima alikuwa akimwomba mama mmoja achovye mikono kwenye unga wa muhogo, kisha afanye kazi zake za asubuhi kama kawaida. Wengine wanakaa wanatazama. Baada ya nusu saa nyumba ilikuwa imejaa alama nyeupe: kwenye komeo, kwenye mpini wa kisu, ukutani pale anapojishikiza akiinama, kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, kwenye sikio la mtoto. Hapo Ndugu Mwaija alisema neno moja tu, kwamba unga unaonekana. Kule Kwaluguru mama mmoja alitoka darasani akaenda moja kwa moja kuosha mlango wake wote, mpaka bawaba.

Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa nyumba zilikaribiana, na magonjwa nayo yakakaribiana. Kazi yake ikawa nyepesi kwa miguu na nzito kwa moyo. Mwaka 1975, katika kijiji kimoja, siku ya ukaguzi alikuta nyumba ya kwanza ina kifuniko cha mtungi kipya, cheupe, safi juu na chini. Akasifu. Nyumba ya pili, kifuniko safi. Ya tatu, vilevile. Ndugu Mwaija ni mtu ambaye mambo yakienda vizuri mno huingiwa na hofu. Akaokota kipande cha mkaa, akakitia kifuniko alama ndogo pembeni. Nyumba ya nne, alama ile pale. Ya tano, ile pale. Kifuniko kilikuwa kikitolewa mlango wa uani, kikikimbizwa kupitia mihogoni, kikimtangulia nyumba hadi nyumba. Hakusema neno mpaka ya kumi. Hapo akamwambia balozi wa nyumba kumi, Mzee Mhina, "Mzee wangu, ujamaa huu nimeuona kwa macho. Sasa naomba na vile vifuniko tisa vingine navyo vihudhurie." Mzee Mhina alicheka mpaka akakaa chini, na wiki iliyofuata kila nyumba ilikuwa na kifuniko chake.

Hapa kituoni nako hatukusalimika. Alikuwa akifuta mkono wa simu, mpini wa muhuri, mgongo wa kiti cha Mganga hali Mganga amekikalia. Dereva wetu Salimu husema usukani wake umefutwa mara nyingi kuliko uso wake. Tulimwita Bibi Wasiwasi, kwanza kwa siri, baadaye kwa sauti, naye akawa anaitika. Siku moja aligeuza baiskeli maili nne ili ahakikishe kwamba kifuniko cha choo cha shule kimerudishwa. Kilikuwa kimerudishwa. Akapanda tena baiskeli, na baada ya nusu maili akajiuliza kama yeye mwenyewe, alipokifunua kuangalia, alikifunika. Akarudi tena.

Watu husema wasiwasi ndio akili. Mimi nilipofika kwake Handeni mwaka 1976, nimeshuka kutoka milimani na cheti kipya mkobani, niliona ni maradhi tu ya mtu mzima. Nilimheshimu na nilimcheka, yote mawili. Sasa nimefika pale ambapo Ndugu Yordani alitaka niruke.

Ilikuwa Machi 1978. Kulikuwa na mashindano ya nyumba bora, na wageni kutoka mkoani walitarajiwa Ijumaa katika kijiji kimoja kipya upande wa Misima. Siku ya Jumanne nyumba themanini zilikuwa hazijakaguliwa. Ndugu Mwaija alichukua arobaini za upande wa juu, mimi arobaini za upande wa lambo. Kila nyumba iliyopita ilipewa kadi yenye neno SAFI na muhuri, na kadi ilipigiliwa nyuma ya mlango, maana nje mbuzi hula karatasi. Jina la kwenye kadi lilikuwa la mkuu. Mimi niliandika "M. Semboja" na kutia mkwaju wangu, ile saini ya haraka, pembeni, kama tulivyozoea, mkwaju ambao hata mama yangu asingeutambua.

Nyumba yangu ya thelathini na saba ilikuwa ya Mzee Muhidini na mkewe, Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa amekwenda lamboni, na wengine wako shamba. Mzee Muhidini alinipokea mwenyewe. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mistari, kuta zimepakwa udongo mweupe. Akanikalisha, akaniletea maji kwenye bilauri inayong'aa, akanimenyea kiazi kitamu kwa mikono yake, mzee mzima. Akanitania kwamba dunia imegeuka, Washambaa wanashuka mlimani kuja kuwafundisha Wazigua kufagia. Nilicheka. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na haya. Kupekua vyombo vya mwanamke ambaye hayupo, mbele ya mumewe, baada ya kula kiazi chake, niliona ni utovu wa adabu. Nikaandika SAFI. Nikauvuta mlango, nikapigilia kadi.

Nyuma ya mlango huo, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huko, ndipo ulipokuwa mtungi wa maji ya kunywa, na kata ya kutekea imetundikwa kwenye kigingi juu yake. Niliiona. Ilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye msumari wangu, na kifuu chake kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinawaka.

Nisichokitazama ni shingo. Kata za huko, mpini hupenya kwenye kifuu, na ili usicheze hufungwa kwa uzi wa katani, unazungushwa mara nyingi mpaka unakaza. Kifuu husuguliwa kila siku. Uzi hauguswi, kwa sababu kila mwanamke wa huko anajua kwamba katani ukiisugua hulegea, na kata ikilegea humwaga maji uliyoyafuata maili tatu. Basi uzi unabaki mweusi mwaka hadi mwaka. Kila mkono unaushika, kila anayeteka anauzamisha mtungini, nao unatoka unadondosha. Ndugu Mwaija alikuwa ameniambia si chini ya mara ishirini kwamba kata haitazamwi uso, hutazamwa shingo.

Siku hiyo katika nyumba ile palikuwa na mgeni ambaye sikumwona, aliyetoka msibani, mbali. Tumbo lilikuwa limeanza kumsumbua, na kwa aibu hakusema. Alikuwa akienda chooni, akirudi, akiteka maji anywe. Jumatano aliondoka. Ijumaa wageni wa mashindano walikuja, wakasifu, wakala pilau. Jumamosi watu watatu wa nyumba ile walikuwa wakiharisha na kutapika. Kilikuwa kipindupindu. Wawili tuliwawahi. Mzee Muhidini alifariki Jumatatu asubuhi.

Siku zile sikuthubutu kumwambia mtu kwamba nami nilikunywa maji ya mtungi ule. Tumbo likinguruma kidogo tu, nilianza kujihesabia saa. Ugonjwa haukunipata. Sijui kwa nini haukunipata, na hilo nalo sijapata kulizoea.

Mkubwa aliyekuja kuchunguza aliuvuta mlango akaiona kadi: SAFI, muhuri, tarehe. Akaishika kata shingoni, uzi ukamwachia weusi kwenye vidole. Akauliza kwa sauti ni nani aliyeipitisha nyumba hii. Nilikuwa nimesimama uani, mdomo umekauka, na naapa nilikuwa nakusanya mate ili niseme. Ndugu Mwaija alinitangulia. Alisema, "Jina lililoandikwa hapo ni langu." Bi Mashavu alikuwa amekaa chini na wafiwa wenzake. Aliinua kichwa akamtazama, na mumewe, aliyekuwa anajua vinginevyo, tulikuwa tumemzika siku iliyotangulia.

Barua ya onyo ilifika Mei. Ilisema kwamba Ndugu Mwaija Semboja aliipitisha nyumba bila kuikagua. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, na halikurudi humo mpaka leo anastaafu. Nilimfuata ofisini nikilia, nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Akanipa kitambaa, sikujua kama ni cha kufutia machozi au cha kufutia meza. Akasema, "Wewe una miaka miwili kazini. Wakikutoa leo utakwenda kukaa nyumbani na hofu isiyo na kazi. Baki nayo hapa, itawafaa watu." Nikabaki nayo. Nimekagua nyumba elfu mbili tangu siku hiyo, na hakuna kata ambayo sijaishika shingo. Lakini sikusema. Mwaka ulipita, nikajiambia mambo yamepoa. Miaka mitatu ikapita, nikajiambia kuyafufua ni kumwumiza mjane. Kila kisingizio kilikuwa kimesuguliwa vizuri upande wa mbele.

Yeye hakukaa kulia. Baada ya mazishi alikaa kijijini siku tisa, akipita nyumba moja baada ya nyingine na kisu kidogo. Alikata uzi wa kila kata, akawaonyesha wenyewe namna ya kuukaza mpini kwa kabari ya mti mgumu, ambayo unaiosha na haiachii. Vijiji vya jirani vikaiga. Leo ukiingia nyumba ya Misima au Kwaluguru ukakuta kata isiyo na uzi, ujue umeona kazi ya Mwaija Semboja. Haikuandikiwa cheti wala barua ya pongezi, ndiyo maana naiandika hapa.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye faili ni safari zake za kila Machi. Mwaka hadi mwaka, hata baada ya yeye nami kuhamishiwa Korogwe, amekuwa akienda kumjulia hali Bi Mashavu. Nilimsindikiza mara moja, mwaka 1980. Bi Mashavu ni mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, na kwa desturi yetu mdogo ndiye anayeamkia. Alifungua mlango, akamwona ni nani, akanyamaza. Ndugu Mwaija akaitikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marahaba, mwanangu," kama vile ameamkiwa. Akaketi, akauliza habari za wajukuu na za mvua, akaitupia jicho kata, akaaga.

Njiani nilimwuliza kwa nini aliitikia salamu ambayo hakupewa. Alisukuma baiskeli hatua kadhaa, kisha akaniambia kwamba anaogopa. Huenda siku salamu hiyo itakapotoka, yeye atakuwa hayupo, basi ni heri itangulie kuitikiwa. Huyo ndiye Bibi Wasiwasi wetu. Nilisikia hayo, nikajua dawa yake iko kinywani mwangu, na bado nikanyamaza miaka minne mingine.

Jumanne ya wiki hii nilipanda basi kwenda kule. Sikutaka Bi Mashavu alisikie jambo hili kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilimkuta anachambua kunde. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote: kiazi, bilauri, mlango, kadi, na mkwaju wa nani. Hakuinua macho. Aliendelea kuchambua, nami nilingoja anifukuze. Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Miaka sita yule mama amesimama mlangoni kwangu, nami nimemnyima hata shikamoo." Juu yangu hakusema kitu, si la kulaumu wala la kusamehe, na sikuwa na haki ya kumwomba hata moja. Aliniuliza tu basi la Jumamosi linatoka saa ngapi.

Jana nilimpelekea Ndugu Yordani wasifu huu. Aliusoma mara mbili. Akasema karatasi ya sherehe si baraza la kesi. Nikamwambia najua, lakini hukumu ya uongo imekaa kwenye faili la mstaafu, na Jumamosi faili hilo linafungwa. Akafuta jina la kijiji kwa wino, mengine akayaacha yalivyo. Nakala moja nimeipeleka kwa Mganga wa Wilaya pamoja na barua yangu ya uteuzi, aamue mwenyewe. Huenda Jumatatu kiti cha Ndugu Mwaija kikakaliwa na mwingine. Naogopa, sitaficha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi yangu niliyaficha mgongoni kwa mwenzangu, kilio akakipokea yeye.

Ndugu Mwaija, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, tunakushukuru kwa nyumba elfu tisa. Tunakushukuru kwa vikombe vyetu, ambavyo tangu uje havijawahi kuwa na mashikio ya kunata, na vya Jumamosi vimefutwa, usije ukainuka katikati ya hotuba kuhakikisha. Nenda Kwamndolwa ukapumzike. Tunakuombea miguu isiyouma, mvua za kutosha, na mlango mmoja tu wa kutazama nyuma yake, wa kwako mwenyewe.

Na jambo la mwisho, ili lisikushtue. Kabla ya hotuba yoyote kuna mgeni mmoja kutoka upande wa Misima aliyeomba atangulie kuja mbele ulipokaa. Marahaba zake umekwisha kumpa, zote, tangu zamani. Safari hii, tafadhali, ngoja kwanza aamkie.